Upepo wa Ngeleja

20 Novemba 1994, Jumapili

Mvua ya kwanza imetukuta kanisani. Bati lilipiga kelele mpaka nusu ya mahubiri ikatupita. Wenzangu walitoka wakishukuru kwa ajili ya mashamba, mimi nilitoka nikiwaza vanishi. Kila mwaka ni hivi hivi. Mvua zikianza, mume wangu Edwin anaendelea kuchonga kama kawaida, maana randa haijali hali ya hewa, halafu kazi inaletwa kwangu mimi Bertila, mpiga msasa na mpakaji vanishi, na hapo ndipo inapokwama. Brashi inaacha michirizi. Vanishi inakaa kutwa nzima haikauki, inaokota vumbi la mbao, nywele, na kila mdudu aliyezaliwa Ufipa. Mwaka huu nimeamua kuandika, ili atakayeniambia tena kwamba mimi ni mzembe nimsomee.

22 Novemba

Mvua. Kelele za Ngeleja tangu asubuhi.

Ngeleja ni fundi pancha wa ng'ambo ya barabara, mkabala na karakana yetu. Alihamia huku na ng'ombe kutoka kwao Usukumani. Ng'ombe amemwachia kaka yake Mayunga, yeye akanunua kompresa ya injini ya petroli. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua mahindi malori hayaishi hapa mjini Sumbawanga, na kila lori lina pancha. Injini yake ikiunguruma siwezi hata kusikia mawazo yangu. Nimeshamfuata kumlalamikia, akanijibu kwa heshima zote kwamba na yeye msumeno wetu anausikia.

25 Novemba

Leo tumepata mgeni mkubwa. Anaitwa Asnath, mfanyabiashara wa dagaa wa Kirando, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtumbwi. Anajenga gesti hapa mjini nyuma ya soko. Anataka vitanda, makabati na meza za vyumba vyote kabla ya Pasaka. Edwin alimwonyesha kitanda cha mninga tulichomaliza wiki hii. Akapapasa maungio, akaguna kwa kuridhika. Kisha akainama, akautazama ubao wa kichwani kwa ubavu ili mwanga uupige vizuri.

"Aliyechonga ni fundi," akasema. "Aliyepaka ni nani?"

"Ni mimi, dada."

"Mbona kama umefagia?"

Edwin akacheka! Hilo sitalisahau. Mimi nilitamani kumwagiwa kopo zima la vanishi nigande palepale.

Anasema nyumbani kwake ana kabati la kutoka Mbeya ambalo limepulizwa kwa mashine, huoni alama ya brashi hata ukitafuta kwa tochi. Anataka kitanda kimoja cha mfano. Kikimpendeza, kazi yote ni yetu. Kisipompendeza anaagiza Mbeya, siku hizi malori yapo.

Alipoondoka Edwin alikaa juu ya benchi lake. Akasema kwamba kazi hii ikituponyoka, yeye anakwenda Mbeya kuajiriwa kwenye karakana ya mtu. Watu siku hizi wanataka vitu vinavyong'aa. Atakuwa anatuma matumizi, na mimi nitabaki na mama yake na mtoto wetu Herieth. Alilisema kwa upole, na ndiyo maana nimeogopa. Edwin akifoka najua kesho atasahau.

26 Novemba

Edwin ameanza kuchonga sanduku la mninga. Mbao safi, hakuna fundo hata moja. Nimemuuliza la nani, anasema la mtu. Huyo mtu ana bahati.

27 Novemba

Sanduku ni lake mwenyewe, la safari. Mama mkwe, Bibi Stefania, ndiye aliyenitobolea. Nimemwambia Edwin achonge atakavyo, afunge na bawaba za shaba, lakini vanishi kwenye sanduku hilo kutoka mkononi mwangu hapati. Aende Mbeya na mbao mbichi.

3 Desemba, Jumamosi

Siku ya aibu na ya kushiba.

Ubao wa mfano niliupiga msasa siku mbili, nikaupaka vanishi mchana kwa brashi mpya, taratibu, pumzi nimeibana. Ukawa mzuri. Nakwambia ukawa mzuri hata Edwin akaweka randa chini kuutazama. Nikauegemeza barazani upate hewa, nikaenda kupika. Jioni mvua ikakatika, na ardhi ikafunguka. Kumbikumbi! Bibi Stefania alikwishawaona tangu alasiri wakichungulia kwenye kichuguu, naye hakuniambia kitu. Aliweka beseni la maji barazani, akatundika karabai juu yake kama tunavyofanya miaka yote. Juu ya beseni, na kando ya ubao wangu.

Nilitoka na mwiko mkononi nikakuta ubao umeota mabawa. Kumbikumbi wamejaa kutoka ukingo hadi ukingo, wengine bado wanatembea wakiburuta vanishi. Bibi anakusanya wa kwenye beseni huku akiimba.

"Mama, ubao wangu!"

"Ubao haukimbii," akasema. "Kumbikumbi ndio wanakimbia. Lete ungo."

Nililia kwa hasira, halafu nikaleta ungo, ningefanyaje. Tumekaanga, tumekula na ugali wa ulezi, walikuwa watamu sana na hilo lilinikera zaidi. Sasa nimekata shauri. Brashi basi. Natafuta mashine ya kupulizia, na nitaipata.

10 Desemba

Edwin amerudi kutoka Tunduma kuulizia. Amekuta kompresa kubwa ya umeme na bunduki yake ya kupulizia rangi, nyekundu, ya magurudumu. Ameizungumzia kutwa nzima. Bei yake inataka tuuze shamba la Mollo.

Nimemuuliza maswali. Umeme wenyewe huu, wa leo upo kesho haupo, utaizungusha? Ikiharibika spea iko wapi? Na tukiuza shamba tutakula vanishi? Akasema mimi napinga kila kitu. Sipingi kila kitu. Nataka kitu kinachotoa chembe ndogo kama ukungu wa asubuhi, kinachofunguka nikakiosha kwa tina ya kuyeyushia rangi, kisichosubiri umeme, na kisichokula shamba. Ni hayo tu. Bibi Stefania kasema hayo ndiyo niliyoyataka kwa mume pia na sikuyapata yote.

13 Desemba

Mayunga, yule kaka yake Ngeleja mwenye ng'ombe, kasikia natafuta kitu cha kupulizia, kaniletea bomba lake la mgongoni la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe. Alikuja nalo kwa mguu mpaka huku mjini, matope hadi magotini. Sikuwa na moyo wa kukataa.

14 Desemba

Bomba linatoa matone ya kunyeshea bustani. Ubao umechuruzika vanishi kama mtu aliyelia. Halafu ndani kulibaki dawa, vanishi ikakatika vipande na kunuka josho. Edwin anasema walau kitanda hakitapata kupe. Nimempiga kwa kitambaa cha msasa.

Nimemrudishia Mayunga bomba likiwa safi kuliko alivyolileta, na kibuyu cha togwa. Mtu mwema.

15 Desemba

Mvua. Kelele za Ngeleja.

25 Desemba

Krismasi. Wali, kuku, mvua. Edwin kaimba kwaya vizuri sana, na mimi nimekaa nyuma nikimhesabia sauti za mwisho kama mtu anayesindikiza msafiri. Sikupenda nilivyojisikia.

9 Januari 1995

Palizi Mollo wiki nzima. Mgongo hauna habari na mimi.

17 Januari

Felisiani amekuja. Huyu ni kijana wa kuchuuza, leo anauza redio, kesho mitumba, keshokutwa miwani. Ananiita shemeji ingawa hatuna undugu wowote. Amefungua boksi kwa madaha, ndani mna spreya ya umeme ya kushika mkononi, chupa yake ya plastiki imening'inia chini.

"Shemeji, hii ni mambo yote. Unachomeka, unabonyeza, poa. Huko nje watu wanapakia rangi nyumba nzima."

"Ina spea?"

"Haiharibiki, shemeji."

Nimeijaribu kwa maji kwenye ukuta wa choo. Ikanguruma na kutoa ukungu mzuri kabisa. Bei yake ya binadamu. Nimemwacha Edwin achague, maana nimechoka kuitwa mpinzani, naye akasema niamue mimi. Nimechukua.

20 Januari

Nimepuliza! Umeme ulikuwapo kutwa, jua lilitoka saa sita. Nimepuliza mlango wa kabati, kwa vanishi ya kukauka upesi, na imelala juu ya mninga bila mchirizi hata mmoja. Nimemwita Bibi, nimemwita Herieth, nimemwita hata Ngeleja avuke barabara. Akatazama, akapiga mluzi. Edwin akapitisha kidole akasema, "Mke wangu, hiki ni kioo." Sanduku lake liko pale pembeni, jeupe bila vanishi, halijaguswa. Leo sikuliogopa.

23 Januari

Umeme hakuna.

24 Januari

Umeme hakuna. Mvua.

27 Januari

Umeme upo ila dhaifu, taa inawaka rangi ya machungwa. Spreya inatema makohozi.

2 Februari

Nimepuliza ubao mwingine wa mfano huku ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Nilidhani kwa kuwa niko ndani si neno. Vanishi ilikauka upesi kweli, ikageuka nyeupe. Si michirizi, si vumbi, nyeupe tu, kama umekoga uji. Nimeukwangua, nikapuliza tena, ikawa nyeupe tena.

Nimefikiri sana juu ya hili. Ile siku ya jua haikufanya hivi. Ni unyevu. Vanishi hii inakauka haraka hata inafungia unyevu ndani. Kwa hiyo nipulize saa za jua tu, saa sita mpaka saa tisa, jua likiwapo. Sasa nahitaji jua na umeme vije pamoja, na hapa Sumbawanga mwezi wa pili hivyo viwili havisalimiani.

16 Februari

Jua lilitoka. Umeme ulikuwapo. Nilibonyeza, ikalia mara moja kwa uchungu, ikatoa moshi. Imekufa. Felisiani anasema nimeiendesha vibaya.

24 Februari, Ijumaa

Asnath amekuja. Barabara ya kwao ilikuwa imekatika kwa mvua, ndiyo maana hakuonekana tangu mwaka uanze, na mimi nilikuwa nimeanza kuomba isitengenezwe.

Vitanda vyote viko tayari vimesimama ukutani, vyeupe, havijapakwa. Edwin alivichonga kwa mbao ambazo Asnath mwenyewe alileta kabla ya Krismasi, maana uchongaji hakuutilia shaka. Akavizungukia kimoja kimoja. Akafika kwenye mbao zangu za mfano, nilizozificha nyuma ya mlango. Huyu mama ana pua. Akautoa wa michirizi ya bomba, akautoa ule mweupe, akazipanga barazani. Nilijiandaa kutukanwa.

"Huu umefanya nini?" akauliza.

Nikamweleza. Kumbikumbi, bomba la ng'ombe, umeme, ukungu, spreya iliyokufa. Nilipofika kwenye beseni la Bibi alicheka mpaka akashika nguzo. Halafu akaketi juu ya sanduku la Edwin, akawa mtu mwingine.

"Mimi nilipoanza kukausha dagaa," akasema, "mvua ilinioshea mzigo mara ngapi sijui. Dagaa wanaoza wewe unawatazama. Mume wangu akaniambia acha. Sikuacha." Kisha akanyanyuka. "Lakini gesti inafunguliwa Pasaka, mdogo wangu, siwezi kuwalaza wageni kwenye uji. Nakuja siku ya Mtakatifu Yosefu, seremala mwenzenu. Nikikuta kitanda kimoja kinang'aa, mtamaliza vyote. Nisipokuta, napakia kwenye lori hivi hivi, Mbeya watapuliza."

Nilikuwa nimemwandika hapa kwamba ana sauti ya kuita mtumbwi. Bado anayo. Ila nimempenda.

Usiku huu nimemkuta Edwin anatia bawaba kwenye sanduku.

1 Machi, Jumatano ya Majivu

Nimetoka kanisani na majivu kwenye paji la uso na ugomvi moyoni. Kompresa ya Ngeleja ilikuwa inaunguruma tangu alfajiri. Nilipiga msasa mpaka uvumilivu ukaniisha, nikavuka barabara na nguo zangu za kazi, vumbi la msasa limenijaa kichwa hadi miguu.

"Ngeleja, hata leo?"

"Mama Herieth, shikamoo." Ananiamkia ili nishindwe kugomba, nimemjua.

"Marahaba. Zima."

"Lori la watu linasubiri. Lakini umechafuka hivyo, majivu gani hayo, wewe umepakwa mwili mzima? Simama hapo."

Akachukua ule mpira wake wa kujazia upepo, akanielekezea. Fuuu! Vumbi likaruka kutoka kwenye kanga yangu kama moshi, madereva wakacheka, na mimi nikabaki nimesimama mikono nimeinyoosha kama mtu anayepimwa gauni. Nilikuwa nimefungua mdomo nimtukane. Nikaufunga.

Upepo. Miezi yote hii natafuta upepo, na upepo uko ng'ambo ya barabara unanipigia kelele kuanzia asubuhi mpaka jioni! Hauhitaji umeme. Mwenye nao ni jirani yangu. Ninachokosa mimi ni bunduki peke yake.

"Ngeleja," nikamwambia, "ule mpira unaweza kufungwa bunduki ya rangi?"

"Ya magari? Mbona ndiyo kazi yake."

Nimemwita mjinga moyoni kwa miezi yote, na mjinga nilikuwa mimi.

6 Machi

Nimembana Felisiani sokoni, mbele ya wateja wake. Achukue spreya yake iliyokufa na aniletee bunduki ya rangi, ya chuma, hata iwe imetumika, kama za mafundi magari wa Tunduma. Nikaongeza pesa kidogo juu. Hakubisha sana. Kumbe alikuwa ananikwepa kwa aibu.

8 Machi

Ameleta. Ya chuma, nzito, kikombe juu, imechubuka rangi. Nimeifungua yote juu ya gazeti, nikaosha kila tundu kwa tina, nikairudishia. Hakuna kitu ndani yake ambacho mkono wangu haukukielewa. Felisiani alikaa akitazama, akaniambia, "Shemeji, ningejua ningekuletea hii mwanzo." Nimemsamehe kwa sehemu.

9 Machi

Ngeleja aliunganisha mipira, tukaipitisha barabarani hadi karakana. Jua lilikuwapo. Nikabonyeza, ukungu ukatoka kama niliouota. Nimefika katikati ya ubao, lori la mahindi likapita juu ya mpira. Bunduki ikakata kauli mkononi mwangu, na mpira ukapasuka kwa kishindo mpaka kuku wa jirani wakaingia ndani. Dereva alisimama akidhani ni tairi lake. Akamfuata Ngeleja alizibe.

11 Machi

Tumepeleka ubao kwa Ngeleja badala ya kuuleta upepo kwetu. Nikapuliza pale pale uani kwake. Bunduki ikawa inatema maji. Matone ya maji kabisa katikati ya vanishi, na kila tone linaacha jicho jeupe. Ngeleja anasema msimu huu kompresa inakunywa unyevu wa hewani na kuutapika, hata matairi anayojaza yana maji ndani. Zaidi ya hayo, malori yanapita, matope yanaruka.

Siku ya Mtakatifu Yosefu ni Jumapili ijayo. Edwin ameanza kuniambia niache. Ananiambia kwa wema, ananishika bega. Afadhali angenifokea.

14 Machi, Jumanne

Naandika haraka kwa furaha.

Mvua ilinikuta kwa Ngeleja nilipokwenda kuchukua bunduki. Nikakaa kwenye banda lake juu ya gurudumu la lori, lenye ringi yake, limelazwa chini. Nilikuwa nimekata tamaa, niseme kweli. Niliwaza Edwin akishuka stendi ya Mbeya na sanduku lake jeupe. Ngeleja akaja kupima lile gurudumu, akaniomba nisogee, akabonyeza pini kwenye mdomo wa kujazia. Upepo ukanipiga kiganjani, mkavu! Mkavu kama wa kiangazi.

"Mbona huu hauna maji?" nikauliza.

"Hilo limelala hapa tangu juzi, mwenyewe hajalifuata. Maji yake yametulia chini, wewe unapata upepo wa juu tu."

Nikalitazama. Nikayatazama mengine yaliyolala bandani. Nikatazama karakana yetu ng'ambo.

"Ngeleja, niazime tairi."

"La gari gani?"

"La kitanda."

Akanikodolea macho. Halafu akaelewa, akapiga goti lake kwa spana, akasema neno la Kisukuma ambalo sijui maana yake ila lilikuwa zuri. Gurudumu linabeba upepo. Gurudumu linabingirika. Halihitaji mpira wa kuvuka barabara, lori lolote likija tunalipisha! Alikata kipande cha mpira, akafunga koki ndogo, akaweka kiungo cha kubana kwenye mdomo wa tairi. Mpaka saa kumi alikuwa amejaza matatu ya lori bovu lililoko uani kwake. Yamelala kwangu sasa, midomo juu, maji yatulie chini. Kesho naomba jua tu. Jua peke yake, sitaki tena liandamane na mtu.

15 Machi

Mvua kutwa. Matairi yamelala. Mimi sikulala.

16 Machi, Alhamisi

Jua lilitoboa saa sita kasoro. Nilikuwa nimeshaanika kopo la vanishi mlangoni lipate joto, na kitanda kimeshapigwa msasa hadi kinateleza. Ngeleja akafunga mpira kwenye tairi la kwanza, akafungua koki. Edwin alisimama nyuma yangu amekunja mikono.

Nilipuliza nyembamba kwanza, nikipita kama mtu anayepunga mkono, bila kusimama mahali. Hakuna tone, hakuna kelele, umeme ulikatika tukiwa katikati na hakuna hata mmoja wetu aliyejali! Ubao wa kichwani, ubao wa miguuni, mbavu mbili. Tairi likianza kuchoka bunduki inakohoa kidogo, unafunga kabla haijatema, Ngeleja anahamishia mpira kwenye la pili. Mara ya pili nikapuliza nene. Ule mninga ukaamka. Rangi yake nyekundu ikapanda juu, mistari yake yote ikajitokeza, na juu yake kukawa na mwanga wa mlango na sisi tuliosimama mlangoni.

Bibi Stefania akaja na kigoda, akakaa mbele ya kitanda. Akaangalia kwa ubavu kama alivyofanya Asnath. Akasema neno refu kwa Kifipa, kisha akanigeuzia Kiswahili ili na Ngeleja asikie: "Leo nitazima karabai mwenyewe."

Edwin akakunjua mikono. Akatoka nje, akaanza kulibingirisha tairi tupu kuvuka barabara kwenda kujazwa.

19 Machi, Mtakatifu Yosefu

Asnath alikuja moja kwa moja kutoka kanisani kwao, kitabu cha nyimbo mkononi. Akainama kwa ubavu. Akazunguka upande wa pili, akainama tena. Akatoa miwani, akavaa, akainama mara ya tatu. Kisha akajitazama kwenye ubao wa kichwani na kurekebisha kilemba chake.

"Nani amepaka?" akauliza, ingawa anajua.

"Mimi, dada," nikasema, na safari hii nilisema kwa sauti ya kuita mtumbwi.

"Malizeni vyote."

27 Machi

Jua. Vitanda. Mtaa mzima unajua sasa, watu wakiona matairi yanabingirika wanasema vitanda vya Mama Herieth vinakwenda kupigwa pancha.

30 Machi

Mvua. Makabati yamesubiri. Nimempakia Ngeleja mlango wa banda lake, kama tulivyokubaliana, malipo ya upepo. Anaufungua na kuufunga bila sababu.

5 Aprili

Jua. Kabati. Felisiani kaja kuuliza kama anaweza kutuletea wateja wa sofa.

12 Aprili

Meza ya mwisho imekauka. Tairi moja lilibaki na upepo.

Nililitazama sanduku la Edwin. Tangu siku ile hajasema anakwenda, wala hajasema hakwendi, na mimi nimekataa kumuuliza. Nikawaza kwamba kama anaondoka, basi aondoke na kazi yangu, Mbeya nzima imuulize nani aliyepaka. Nikalipuliza. Nililipa mikono mitatu ya vanishi, na bawaba nikazifunika kwa karatasi zisichafuke. Ndilo zuri kuliko vyote nilivyofanya msimu huu. Nilipomaliza nikakaa kando yake nikalia, basi.

Edwin alirudi akalikuta. Alisimama hapo mpaka chai yake ikapoa.

15 Aprili, Jumamosi Kuu

Mkokoteni umekwenda na kurudi tangu asubuhi. Asnath alikuja kusimamia mzigo wa mwisho. Alipoona karakana imebaki tupu akaliona sanduku, pale lilipo siku zote.

"Na hili? La nani?"

Mimi nilikuwa nafunga bunduki kwenye kitambaa. Sikuinua uso. Nilisikia Edwin akivuta pumzi.

"Lilikuwa la mtu wa safari," akasema. "Ameghairi. Lichukue, dada, uwekee mashuka ya gesti."

Hakungoja mkokoteni. Amejitwika kichwani mwenyewe mpaka nyuma ya soko, akarudi anapiga mluzi, mikono mitupu. Mimi nilimkimbilia barabarani mbele ya malori na mbele ya Ngeleja, wala sijali nani aliona.

18 Aprili, Jumanne

Mvua zimekatika, anga ni buluu mpaka Mollo. Wateja wawili wa makabati, wote wameyaona kwenye gesti. Kelele za Ngeleja tangu asubuhi. Nimevuka kwenda kumwambia aongeze.